Mashine ya Hashimu na Siku za Idrisa

"Wananchi wa Mtwara, kuanzia Magomeni mpaka Rahaleo, kuanzia geti la bandari mpaka kijiji cha mwisho kabla ya maji ya Ruvuma, mnaombwa msimame pale mlipo. Mwenye kofia avue. Mwenye pikipiki azime. Tunayo heshima kubwa kuwatangazia kwamba Bwana Hashimu Bakari, mpulizia mikorosho, mume wa mke mmoja na mjomba wa watu chungu nzima, leo ameingia katika historia ya mkoa wetu. Huyu ndiye binadamu wa kwanza kuiteka mali yake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na kuidai fidia. Bwana Hashimu, taifa linakusikiliza. Una neno?"

Tangazo hilo alilitoa Omari, dereva wa bodaboda, akiwa amesimama kwenye pedeli za pikipiki yake, ngumi mdomoni kama ndiyo maikrofoni. Hashimu alikuwa amekaa nyuma ya pikipiki hiyo hiyo, nguo zake zote nyeupe kwa unga wa muhogo, mkononi sahani ya pilau iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Jibu lake lilikuwa fupi sana na tutalifikia. Kwanza ijulikane mtu mzima wa miaka arobaini na sita alifikaje hapo.

Yote yalianza na unyago wa mtoto wa dada yake.

Hashimu ni Mmakua, na kwao mjomba hana pa kujificha. Baba wa mtoto anaweza kuumwa mgongo, anaweza kusafiri, anaweza hata kukaa kimya barazani akasifiwa kwa upole. Mjomba lazima atoe. Desemba ile, dada yake Mwanakombo alimjia na orodha aliyoiandika nyuma ya kalenda: mchele gunia, mbuzi wawili, mafuta ndoo, doti za khanga za akina mama kumi na wanne, na mpiga ngoma kutoka ng'ambo ya kijiji ambaye hapigi bila kulipwa nusu mkononi.

"Dada, hela ya korosho haijaingia," Hashimu akasema. Korosho zake zilikuwa zimeshapimwa na zimeshauzwa mnadani, bado tu hela kufika kwenye akaunti, na hela hiyo ilikuwa inakuja kila wiki tangu Novemba.

"Haya. Nitawaambia watu mtoto ametoka unyagoni bila mjomba."

Hakuna Mmakua anayeweza kusikia sentensi hiyo akaenda kulala. Kesho yake Hashimu aliibeba mashine yake ya kupulizia mgongoni, akaipeleka mjini Rahaleo, kwa Idrisa mkopeshaji, kuiweka bondi.

Ile mashine haikuwa chombo cha kuwekwa bondi. Ilikuwa ni ya injini, ya kubeba mgongoni, ina bomba refu linalotupa unga wa salfa mpaka kilele cha mkorosho. Aliinunua mwaka ambao korosho zilikuwa na bei mpaka watu wakawa wanasalimiana kwa sauti kubwa. Wenzake walinunua redio na makochi. Yeye akanunua mashine, na kwenye tangi akaandika kwa rangi nyeupe: HASHIMU MALI YA JASHO. Kwa miaka minne ikamlisha. Mwenye mikorosho na hana mashine alimwita Hashimu, akalipa shilingi mia tano kwa mti, petroli na salfa juu ya mwenye shamba.

Duka la Idrisa liliitwa Tusaidiane, na kwenye ukuta kulikuwa na maandishi: TUNAPOKEA SIMU, TV, FRIJI, BAISKELI, CHEREHANI NA VYETI. Idrisa mwenyewe alikuwa Myao aliyehamia kutoka upande wa Masasi, mpole, mwenye sauti ya mtu anayempa pole mgonjwa. Alimpa Hashimu laki mbili, akamwambia arudishe laki mbili na themanini kabla ya Aprili, na kila mwezi utakaozidi una arobaini yake. Hashimu anajua kuandika vizuri tu, lakini Idrisa alitaka dole gumba.

"Sahihi mtu anaweza kuikana, mtani wangu," alisema kwa huruma. "Kidole ataenda nacho wapi?"

Mtani, kwa sababu Wayao na Wamakua ni watani tangu mababu, wanaruhusiwa kutukanana barabarani na kucheka. Hashimu akamwambia Idrisa kwamba Wayao wote ni wezi. Idrisa akacheka sana, akabandika karatasi yenye namba 47 juu ya tangi, palepale penye jina HASHIMU. Ikabaki MALI YA JASHO, ya nani haijulikani.

Unyago ukafana. Watu walikula, ngoma ikalia, na mjomba alisifiwa kwa muda wa kama dakika nne. Hela ya korosho iliingia Februari na ikapitiliza, kwa maana kulikuwa na watu waliokuwa wanaisubiri zaidi kuliko yeye: mwenye duka la kijiji, ada ya mtoto, bati za jikoni. Machi ikapita. Aprili ikapita. Mei mikorosho ikaanza kuchipua maua, na Hashimu akaanza kuamka akiwa na hasira kabla hata hajakumbuka ni ya nini.

Mkorosho ukitoa maua, unakuja ubwiri unga. Ni ugonjwa mweupe, kama mtu amepita na chekecho la unga juu ya maua usiku, na ua likishapata ubwiri halizai korosho, linazaa majuto. Dawa yake ni salfa, na salfa Hashimu alikuwa nayo: mifuko miwili ya mgao, imekaa chumbani kwake juu ya tofali ili isipate unyevu. Mikorosho alikuwa nayo, arobaini. Alichokosa ni kitu kimoja, na kilikuwa Rahaleo, kina namba.

Akaenda.

"Mtani, nakuonea huruma," Idrisa alimwambia. "Kwa watu wengine siwezi, lakini wewe ni ndugu. Chukua mashine, fanyia kazi, nilipe elfu kumi kwa siku. Ukipata ya kukomboa, unakomboa."

"Nikodi mashine yangu?"

"Siyo yako hivi sasa. Siyo yangu pia. Iko kwenye karatasi."

Hashimu alipiga hesabu palepale kichwani. Mikorosho sitini kwa asubuhi moja, elfu thelathini. Ukitoa kumi ya Idrisa na sita ya bodaboda, inabaki kumi na nne. Mwezi mmoja wa kazi, mashine inarudi. Akakubali, akashukuru, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu aliyekuwa anapiga hesabu ni mkulima na aliyekuwa anasikiliza ni mwenye duka.

Salfa haipulizwi saa yoyote. Inapulizwa alfajiri, wakati majani yana umande na upepo haujaamka, ili unga ushike. Jua likipanda, umande ukikauka, unapulizia hewa na majirani. Kwa hiyo mpulizia anaanza saa kumi na moja na saa tatu amemaliza. Idrisa alikuwa anafungua duka saa mbili na nusu, akishakunywa chai.

Siku ya kwanza Hashimu aliichukua mashine jioni, akafanya kazi alfajiri, akairudisha saa nne asubuhi, na Idrisa akaandika kwenye daftari: siku mbili.

"Siku mbili zipi? Nimefanya kazi asubuhi moja!"

"Jana ulikuwa nayo. Leo ulikuwa nayo."

"Jana jioni ilikuwa imelala chumbani kwangu!"

"Ilikuwa inalala kwako, mtani, haikuwa inalala kwangu."

"Basi fungua saa kumi alfajiri niichukue siku hiyohiyo."

Idrisa alimtazama kama mtu aliyeombwa figo. "Alfajiri mimi nasali, halafu narudi kulala. Siku yangu inaanza nikifungua na inaisha nikifunga. Umande ni wa kwako."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi moja ya Hashimu ilikuwa siku mbili za Idrisa. Elfu thelathini ikiingia, ishirini inakwenda Rahaleo, sita inakwenda kwa Omari wa bodaboda, na nne inafika kwa mkewe Riziki, ambaye aliipokea na kuigeuza kuangalia kama nyuma kuna nyingine. Na kila mashine iliporudi, Idrisa aliikagua kwa tochi ya simu.

"Huu mkwaruzo?"

"Huo nimeuweka mimi mwaka juzi, nilipoanguka kwenye kisiki."

"Sijauandika," Idrisa alisema kwa masikitiko, akaandika elfu mbili.

Juni nzima Hashimu alipulizia mikorosho ya watu. Akipita kwenye shamba lake alitazama pembeni. Kupulizia ya kwake kungetaka elfu ishirini ya Idrisa kwa asubuhi ambayo hakuna anayemlipa, na elfu ishirini zilizo zake hakuwahi kuzishika zikiwa pamoja. Kumwita mpulizia mwingine? Afe kwanza. Kijiji kizima kingesema Hashimu anapuliziwa.

"Baba Zuhura," Riziki alimwambia siku moja akitokea shambani, kiganja chake kikiwa na ua la mkorosho. "Umeanza huku chini, upande wa muhogo. Mweupe."

"Nimeuona."

"Ukishauona unafanyaje?"

"Naukasirikia."

"Haya. Labda ubwiri utaona aibu, uondoke."

Dukani kwa Idrisa, Hashimu alikuwa na mwenzake wa machungu, mwalimu Martha, mama mwenye miwani, kiongozi wa kwaya ya kanisa moja la Magomeni. Kwaya yake iliweka bondi kinanda ili kununua sare za mashindano. Sare zikapatikana, za rangi ya maji ya bahari, na kinanda kikabaki kwa Idrisa na namba 31. Kila Jumamosi jioni Martha alikuja kukikodi, na kila Jumatatu akakirudisha.

"Siku ngapi?" Hashimu alimwuliza.

"Tatu. Jumapili yeye hafungui."

"Na anaihesabu?"

"Anasema kinanda kilikuwa kanisani, hakikuwa likizo."

Walitazamana, mtu wa msikiti na mtu wa kanisa, wameunganishwa na daftari moja. Dini zote mbili zimejaribu kwa miaka mingi na hazijafika hapo.

Wiki ya kwanza ya Julai, bibi yake Idrisa akafariki. Alikuwa mtu wa miaka tisini na kitu, aliyekuwa akiishi chumba cha nyuma ya duka na kuita kila mteja mwizi, kwa hiyo kwa namna fulani alikuwa anafahamika. Hashimu alikwenda kuzika kama mtu yeyote. Ni Omari aliyemtia wazo, walipokuwa wakirudi.

"Hashimu. Wewe si mtani wake?"

"Ndiyo, kwani?"

"Keshokutwa wanaanua matanga. Mtani si ana ruhusa ya kuteka kitu chochote msibani mpaka akombolewe?"

Pikipiki ikaenda kama kilomita mbili hivi. Kisha Hashimu akaanza kucheka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu Desemba.

Desturi hiyo wanaijua wote. Msiba ukiwa na watani, watani ndio wenye kazi ya kuharibu huzuni. Wanavaa magunia, wanalala mahali pa maiti, wanazuia chungu kisitoke jikoni, wanachukua kiatu cha mfiwa, na mfiwa hawezi kununa. Kitu kilichotekwa na mtani hakirudi bila kukombolewa. Hashimu alijua vizuri kitu atakachoteka, na alijua fidia atakayodai: ile karatasi yenye kidole gumba chake. Siku ileile mashine ingekuwa nyumbani, na alfajiri inayofuata, kwa umande wake mwenyewe, angepulizia mikorosho yake arobaini. Ubwiri ulikuwa umefika katikati ya shamba. Zilikuwa zimebaki siku chache maua mengine yaweze kuokolewa.

Siku ya kuanua matanga alifika Rahaleo amevaa gunia la korosho lililotobolewa mikono, kichwani sufuria lisilo na mpini. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema kitu. Uani pale alishuhudia maajabu. Idrisa, ili asikodi vitu vya msiba, alikuwa ametoa vya dukani. Wafiwa walikaa kwenye viti vyenye namba. Pilau lilipikwa kwenye masufuria yenye namba. Juu ya kinanda cha kwaya, namba 31, zilipangwa chupa za chai. Mwalimu Martha, aliyekuja kutoa pole, alikaa mkabala na kinanda hicho akikiangalia kama mtu anayemwona mtoto wake kwenye nyumba ya watu. Wengi waliokuja msibani walikuwa wamekalia mali zao.

Na mashine, namba 47, ilikuwa pembeni, imetundikiwa makoti.

Hashimu aliyatupa makoti, akaivaa. Akaingia jikoni kwa akina mama, akachota unga wa muhogo, akaujaza kwenye tangi. Akavuta kamba. Injini ikaunguruma, naye akamfuata Idrisa aliyekuwa amekaa kwa heshima zote katikati ya wazee, akampulizia kuanzia kofia mpaka kandambili.

Uwanja ukalipuka. Wazee walicheka mpaka wakashikana. Idrisa alibaki ameketi, mweupe, macho mawili tu yakionekana, mfano kamili wa ua la mkorosho lenye ubwiri.

"Mgonjwa ametibiwa!" Hashimu alipiga kelele juu ya injini, naye amerudishiwa nusu ya unga na upepo. "Na hii mashine imetekwa! Mimi Mmakua nimeiteka, haitoki mgongoni mpaka ikombolewe!"

"Kateka!" watu wakaitikia. "Kateka kwa haki!"

Aliyekuwa na kauli pale ni Bi Sabra, shangazi yake Idrisa, kikongwe mdogo mwenye ushungi mweusi. Akainua mkono, injini ikazimwa.

"Ni mtani?" akauliza.

"Mtani halali, bibi," wakamjibu.

"Basi kateka. Idrisa, mwanangu, komboa."

Hashimu alivua sufuria kichwani. "Fidia yangu ni karatasi," akasema. "Ile yenye kidole changu. Sitaki hela, bibi. Karatasi tu."

Bi Sabra alimtazama kwa upendo mwingi. "Dai, baba. Dai mpaka sauti ikauke, hiyo ndiyo kazi ya mtani. Lakini kiasi anakipanga mfiwa. Atakachokitoa mkononi, hata kiwe kidogo namna gani, unapokea na unaachia. Usipopokea, wewe siyo mtani tena."

"Ni nini?"

"Ni mwizi."

Idrisa, bila kujifuta unga, aliingiza mkono mfukoni. Akatoa noti ya elfu mbili. Akaitazama, akaifikiria, akairudisha. Akatoa sarafu ya mia tano, akaiweka kwenye kiganja cha Hashimu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama inavyotakiwa.

Bei ya mti mmoja.

Watu walipiga vigelegele. Mama mmoja akamwekea Hashimu sahani ya pilau, kwa kuwa mtani hatoki msibani na tumbo tupu. Hashimu aliangalia nyuso zote zile zinazomfurahia na hakuona hata mmoja wa kugombana naye. Akaitua mashine.

Idrisa aliisogelea, akaichungulia kwa tochi ya simu, akalifungua tangi, akanusa. Kisha akatoa daftari.

"Umeiwasha," akasema taratibu.

"Mtani! Huu si msiba?"

"Msiba uliisha ulipopokea mia tano. Hapo ulipopokea ndipo tulipoingia dukani." Akapangusa unga kwenye kope ili aone kuandika. "Siku moja, elfu kumi. Na kusafisha unga, elfu tatu. Muhogo unaganda, mtani wangu, unaua injini. Hiyo ni mashine ya mtu."

Getini Mwalimu Martha alimshika bega. "Pole, baba. Angalau wewe umempulizia." Akatazama chupa za chai juu ya kinanda chake. "Na hizi siku tatu za msiba, unafikiri ataziandika kwa nani?"

Hashimu alipanda nyuma ya pikipiki ya Omari na sahani yake ya pilau. Walipofika kwenye njia ya vumbi inayoingia kijijini, mikorosho ya watu ilikuwa kijani pande zote, imepuliziwa vizuri, kazi safi, kazi yake. Mbele kidogo, upande wa muhogo, lilianza shamba lake, na hata kwa mbali lilionekana: jeupe kutoka chini mpaka zaidi ya nusu. Omari alilitazama naye. Alikuwa rafiki mzuri kwa namna yake na hakujua kufanya kitu kingine zaidi ya mzaha, kwa hiyo alisimamisha pikipiki, akasimama kwenye pedeli, akaweka ngumi mdomoni, na akalitoa lile tangazo lote, kofia, historia, taifa na kila kitu.

"Bwana Hashimu, taifa linakusikiliza. Una neno?"

Hashimu alitazama mikorosho yake. Akafikiria mifuko yake miwili ya salfa, imekaa juu ya tofali, mikavu, mizima, haijafunguliwa.

"Ninalo," akasema. "Hivi Idrisa anapokea na salfa?"